Jinsi ya kuchora dhoruba ikishuka kutoka milima ya Nandi

Kila Jumamosi wanafunzi wapya hapa Kisumu wananijia na maswali yale yale. Mbona wingu langu linafanana na pamba ya godoro? Mbona milima imesogea mbele kuliko miwa? Na lile linaloniuma zaidi, kwa kuwa anayeliuliza huwa amejitahidi kweli: mbona nimechora kila kitu nilichokiona, lakini mtu akiitazama picha hahisi kwamba mvua inakuja?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Dhoruba hupata nguvu kwenye picha kwa njia tatu: giza na nuru zikae jirani, kitu kidogo kisimame chini ya kitu kikubwa, na kila kilichomo kiutii upepo mmoja. Hatua zote hapa chini zinafanya kazi hiyo.

Tutachora mandhari moja tu: uwanda wa Kano alasiri, ukiwa upande wa Ahero, macho yameelekea milima ya Nandi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko Ziwa Victoria, kwa hiyo upepo hutoka ziwani na kupanda hadi kwenye ukingo wa milima, na mawingu hujengeka pale juu. Usiku mambo hugeuka, na dhoruba nyingi hukutania juu ya maji. Ndiyo maana mabaki ya dhoruba ya ziwani huyaona asubuhi na mapema ukiwa Dunga, ufukweni mwa ziwa, lakini alasiri inakubidi uyape maji mgongo. Faida yake ni kubwa kwa mchoraji. Jua likiwa magharibi, nyuma yako, mashamba yanawaka kijani na njano huku wingu lililo nyuma yake ni jeusi tii. Sijui mahali rahisi zaidi pa kujifunzia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ubao wa hadibodi wa sentimita 30 kwa 40. Mafundi wa samani huwa na vipande vilivyobaki, waombe wakukatie.
- Msasa laini, na rangi ya ukutani ya emulsheni nyeupe isiyong'aa. Kwa mazoezi inatosha kabisa. Picha ya kuuza ipakwe jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao, inashika rangi vizuri zaidi.
- Rangi tano za akriliki: nyeupe, bluu ya altramarini, kahawia ya siena iliyochomwa (ile yenye wekundu wa udongo wa Vihiga), njano ya okeri, na njano kali kidogo.
- Brashi tatu: moja pana ya kupakia mbao, upana wa sentimita 3 hivi, moja bapa ya wastani, moja nyembamba ya ncha.
- Chupa ya kupulizia maji, kama zile za kinyozi. Huku kwetu akriliki hukauka ukiwa bado unafikiria.
- Makopo mawili ya maji, matambara, na sahani nyeupe ya kuchanganyia.
- Daftari, penseli laini, kofia, na maji ya kunywa.

Usinunue seti ya rangi ishirini na nne. Ukiwa na kijani cha tyubu utakitumia, na kitakuharibia picha. Nyeusi nayo iache dukani. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Onyo moja kabla ya yote. Ukisikia ngurumo, umeme tayari unaweza kukufikia. Funga vifaa uingie nyumbani au ndani ya gari. Usikae chini ya mti, usibaki katikati ya mpunga ukiwa ndiwe mrefu kuliko vyote. Nje tunakusanya vijichoro na kumbukumbu. Rangi tunaipakia nyumbani. Na msimu ambao mto Nyando umejaa, chora ukiwa barabarani, usishuke mashambani.

Hatua

1. Kaa dakika ishirini bila kuchora. Fika kuanzia saa tisa. Andika saa, upepo unatoka wapi, wingu liko upande gani, jua liko upande gani. John Constable, mchoraji wa Uingereza, alifanya hivyo mwaka 1821 na 1822 alipokuwa Hampstead akichora mawingu peke yake, mchoro baada ya mchoro, na nyuma ya mingi kati ya hiyo akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Baba yake alikuwa na vinu vya kusagia nafaka, na kijana mwenyewe alifanya kazi huko. Mtu wa kinu cha upepo hutazama anga kwa sababu riziki yake imo humo. Nawe tazama hivyo, kama mkulima mwenye mpunga uliotandazwa barabarani kukauka.

Tafuta hasa mpaka wa chini wa wingu. Wanaoanza hutazama kilele kwa kuwa kinapendeza, ila kitisho kiko chini: tumbo bapa, zito, lenye rangi ya sufuria iliyokaa kwenye kuni.

2. Chora vijichoro vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Tumia viwango vitatu tu: karatasi yenyewe kwa nuru, penseli nyepesi kwa wastani, penseli nzito kwa giza. Fumba macho nusu. Vitu vidogo vitapotea na yatabaki mabaka makubwa. Chora mabaka hayo, usichore miti. Kijichoro ambacho mtu akikiona kutoka upande wa pili wa chumba anajua kuna wingu juu na nuru chini, ndicho cha kuchukua.

Picha ya simu piga, ila usiiamini. Ukilenga anga, uwanda unakuwa mweusi. Ukilenga uwanda, wingu linafifia na kuwa jeupe. Jicho lako liliona vyote viwili. Simu itakusaidia umbo la ukingo wa milima; giza na nuru vichukue kwenye kijichoro.

3. Amua mstari wa upeo wa macho, na uushushe. Uweke robo ya chini ya ubao, hata chini zaidi. Usiuweke katikati kamwe: picha itagawanyika vipande viwili vinavyogombana, na hakuna kitakachoshinda. Caspar David Friedrich, Mjerumani, alichora mtawa amesimama ufukweni kati ya 1808 na 1810. Ardhi ni ukanda mwembamba, bahari ni ukanda mwembamba, na kote kulikosalia ni anga tupu. Hakuna dhoruba, hakuna wimbi kubwa, lakini unamwonea yule mtu huruma. Kazi yote imefanywa na mstari ulioshushwa.

4. Andaa ubao. Piga msasa kidogo upande laini, pangusa vumbi, paka emulsheni mara mbili. Ikikauka, paka juu yake siena iliyotiwa maji hadi ubao uwe na rangi ya barabara ya murram. Rangi hii ya joto itachungulia hapa na pale kati ya kijivu, na wingu lako halitakuwa baridi kama saruji.

5. Changanya kijivu chako kabla ya kugusa ubao. Hapa usiwe na haraka. Changanya altramarini na siena karibu sawa kwa sawa. Utapata giza linalokaribia weusi, lakini lenye uhai. Ligawanye mafungu matatu. La kwanza ongeza bluu, ndilo tumbo la wingu. La pili ongeza siena, litumie pale vumbi na mvua vinapokutana karibu na ardhi. La tatu ongeza nyeupe nyingi na chembe ya okeri, nalo ni la kilele kinachopigwa na jua.

Sababu ya kukataa nyeusi ya tyubu ni hii: ukiichanganya na nyeupe unapata kijivu kimoja kisichoegemea popote, na ukikipaka anga nzima jicho halina pa kutembea. Wingu halisi lina kijivu cha zambarau, cha kahawia, wakati mwingine cha kijani kibichi kiasi, hasa lile ambalo watu wa Kericho wakiliona huanza kuyahurumia majani chai kwa sababu ya mvua ya mawe.

Jambo jingine: akriliki ikikauka huwa nyeusi zaidi kidogo kuliko ilipokuwa mbichi. Paka alama kwenye kipande cha ubao, ngoja ikauke, ndipo uamue.

6. Paka anga kwa mkupuo mmoja. Pulizia ubao maji kidogo. Kwa brashi pana anza na tumbo la wingu, giza lako lote, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Panda juu ukiongeza nyeupe. Kabla halijakauka, pitisha brashi kavu kwenye kingo za juu, baadhi tu. Hapa kuna siri ambayo wengi wanaikosa: wingu liwe na kingo za aina mbili. Sehemu mbili au tatu ziwe kali, pale jua linapokata kilele. Kwingine kote kingo zipotee. Ukichora kila ukingo kwa ukali uleule, unapata pamba ya godoro.

Acha mwanya wa nuru chini ya wingu, juu tu ya milima. Uwe mwembamba, wa njano hafifu. Mwanya huu ndio utakaoonyesha wingu lina uzito gani. Ukiuziba, anga inakuwa ukuta.

Mvua yenyewe huja sasa, rangi ikiwa bado na unyevu. Chukua brashi pana iliyokamuliwa, iguse tumbo la wingu na uivute chini kwa kuegemea upande mmoja. Mara moja, mara mbili, basi. Ifunike sehemu ya mwanya wa nuru na iache nyingine wazi. Usichore mistari ya mvua kwa brashi nyembamba. Mvua iliyo kilomita kumi mbali haina matone.

7. Milima ya Nandi. Kijivu cha bluu, kilichopauka kuliko unavyotaka. Kitu kilicho mbali hupoteza weusi wake na wekundu wake, kwa sababu kati yako nacho kuna hewa nyingi yenye mvuke. Palipo na mvua, futa mlima kabisa. Usiogope. J. M. W. Turner, Mwingereza, mwaka 1842 alionyesha picha ya meli ya mvuke ndani ya tufani ya theluji, na meli yenyewe huioni vizuri; unaitafuta kati ya povu na moshi. Kutokuona vizuri ndiko kunakoleta hofu. Mwanafunzi anayemalizia kila bonde la ukingo wa Nandi amechora ramani.

8. Uwanda. Ugawe kwa kanda nyembamba za mlalo, zikizidi kubanana kadiri zinavyokwenda mbali. Miwa iliyopigwa na jua: njano kali, bluu kidogo sana, na okeri. Mpunga ni mwepesi na una maji ndani yake, na maji hayo yanabeba rangi ya anga, si bluu ya kalenda. Udongo mweusi wa Kano nao usiupake mweusi, tumia giza lako la hatua ya 5 lenye bluu.

Ukanda mmoja tu uuache ung'ae kuliko jirani zake. Jua la dhoruba halimwagiki shamba zima; hupita kwenye tundu la wingu na kuangukia kipande.

9. Upepo. Mwaka fulani nilimaliza picha nikiwa nimejivunia sana. Mzee mmoja wa mashamba ya mpunga akasimama na baiskeli yake, akatazama kwa muda, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, moshi wako unaenda Kisumu lakini miti inainamia Muhoroni." Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimechora miti saa tisa na moshi saa kumi na nusu. Niliifuta nusu ya picha siku hiyo, na tangu hapo sijamaliza mandhari bila kumkumbuka yule mzee.

Yeye alijua jambo ambalo kila mtu wa Kano analijua mwilini. Kabla dhoruba haijafika, upepo unatoka ziwani kwenda milimani. Dhoruba ikikaribia, hewa baridi inayoshuka pamoja na mvua husambaa ardhini na kukupiga usoni, ikitoka kulekule kwenye wingu. Kwa muda mfupi kati ya hizo mbili kunakuwa na utulivu, hata majani ya migomba hayatikisiki. Kwa hiyo una nyakati tatu tofauti za kuchora, nawe chagua moja:

Kabla ya kugeuka, kila kitu kinaegemea wingu, kana kwamba linavuta nchi. Wakati wa utulivu, moshi unapanda wima na miti imesimama. Picha hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo ninayoipenda mimi. Baada ya kugeuka, miwa inalala kuja kwako, vumbi linatangulia, nguo kwenye kamba zinaelekea ziwani.

Ukishachagua, andika kwa penseli nyuma ya ubao: upepo unatoka wapi. Kisha pitia kitu kimoja kimoja, moshi, miti, nyasi, kamba ya nguo, mteremko wa mvua, hata ndege. Kisichotii kifute.

10. Weka kitu kimoja kidogo. Mchungaji na ng'ombe wawili. Nyumba moja ya mabati. Mtu wa baiskeli anayekimbiza gunia lake. Kimoja, si vyote. Kisizidi urefu wa ukucha wako wa kidole kidogo, na ukiweke pale nuru na giza vinapokutana, kando ya katikati. Hokusai wa Japani, karibu mwaka 1831, alichora wimbi linalotaka kumeza mashua tatu, na nyuma yake mlima Fuji, mrefu kuliko yote Japani, ukaonekana mdogo chini ya wimbi. Angechora wimbi peke yake tusingejua ukubwa wake.

Usimpe mtu wako uso. Mpe mwendo tu: amejikunja, ameshika kofia, anaharakisha.

11. Nuru ya mwisho. Sasa, na si kabla, nyeupe iliyo safi kabisa. Yangeyange wawili watatu wakiruka mbele ya tumbo la wingu. Kona ya bati. Mstari wa maji kwenye mpunga. Vidoa visivyozidi saba. Yangeyange mweupe mbele ya wingu jeusi ni kitu ambacho Ahero hukupa bure karibu kila siku ya mvua, nami sijawahi kuchoka nacho.

Upinde wa mvua? Kwenye picha ya kwanza uache. Ukiulazimisha, kumbuka unatokea tu ukiwa umelipa jua mgongo na jua limeshuka vya kutosha; karibu na saa kumi alasiri na kuendelea. Wengi huuchora upande uleule wa jua, jambo lisilowezekana.

12. Igeuze picha ielekee ukuta hadi kesho. Kesho itazame ukiwa mlangoni. Utaona kosa moja kubwa. Rekebisha hilo tu.

Mambo yakiharibika

*Rangi zimekuwa tope.* Ulichanganya rangi nyingi mno kwa pamoja, au maji yako ya kuoshea yamechafuka. Badilisha maji, acha ukanda huo ukauke kabisa, upake upya juu yake. Akriliki inasamehe.

*Anga imekauka katikati ya kazi na sasa ina michirizi.* Usiisugue. Ikauke, pulizia maji, kisha pitisha kijivu chepesi sana kilichotiwa maji mengi juu ya sehemu yote. Wakati mwingine chora kabla ya saa tatu asubuhi au ndani, mbali na feni.

*Milima inasogea mbele.* Ni myeusi mno au ina kahawia. Changanya nyeupe na chembe ya bluu, ongeza maji, pitisha juu yake kama ukungu. Kama bado, tatizo liko mbele: miwa yako haina giza la kutosha chini yake.

*Mvua inafanana na nywele.* Ulitumia brashi nyembamba. Ifunike yote kwa rangi ya tumbo la wingu, urudie hatua ya 6.

*Wingu ni jeusi lakini halina uzito.* Tazama mwanya wa nuru. Aidha umeuziba, au umeufanya mpana kiasi kwamba wingu linaelea. Upana wa kidole kimoja unatosha kwenye ubao huu.

*Kila kitu kiko sawa na bado haitishi.* Funika theluthi ya chini ya picha kwa karatasi, uishushe polepole. Mara nyingi utakuta una watu wengi, nyumba nyingi, miti mingi. Futa hadi kibaki kimoja. Halafu pima urefu wake: kama kinazidi ukucha, kichore tena kwa nusu yake.